Kununua au Kuuza? Mswahili Mbele ya Lugha za Toni

Kichina sanifu kina neno la kununua na neno la kuuza, na kwa herufi za Kilatini yote mawili ni mai. Konsonanti ni ileile na irabu ni zilezile. Kinachoyatenga ni mwendo wa sauti: mǎi, inayotamkwa chini kabisa, ni kununua, mài, inayoanza juu na kuporomoka ghafla, ni kuuza. Hata katika Kikantoni, lugha ya wenyeji wa Guangzhou, mambo ni hayohayo: kununua na kuuza hutenganishwa na sauti peke yake. Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo au Gikomba anayesafiri kufuata mzigo, ni vigumu kupata jozi ya maneno inayomhusu zaidi kuliko hiyo.

Wanaojifunza Kichina Afrika Mashariki si wachache tena. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua Taasisi ya Confucius mwaka 2005, ya kwanza barani Afrika, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikafuata mwaka 2013. Wapo wanafunzi wa ufadhili, wakalimani, waongoza watalii, mafundi wa kampuni za ujenzi, na wapo wafanyabiashara ambao hawajakaa darasani hata siku moja, wameokota maneno madukani. Wengi wana lalamiko moja. Herufi za Kichina zinasumbua, lakini angalau zinaonekana, toni hazionekani. Mtu analitamka neno alilolihifadhi wiki nzima, na muuzaji anamkodolea macho tu.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mtu huyo, na yanashikilia jambo moja: Mswahili hana sikio bovu. Kupandisha na kushusha sauti ili kubadili maana ni kazi anayoifanya kila siku, tena kwa ustadi. Ila yeye huifanya kwenye sentensi nzima, na lugha ya toni inataka aifanye ndani ya neno. Akishaona hivyo, atajua mazoezi yake yaelekee wapi.

Kiswahili chenyewe ni ushahidi. Mtu akisema "Amekuja" huku sauti ikitua mwishoni, ametoa habari. Akiyasema hayohayo sauti ikipanda, ameuliza. Hakuna neno lililoongezwa wala kupunguzwa, na hakuna mtoto wa miaka minne anayekosea. Watu hata hukubali na kukataa wakiwa wamefumba midomo: mhm moja ni ndiyo, m-m nyingine ni hapana, na anayesikiliza kutoka chumba cha pili hupata jibu lake. Kisha kuna mkazo, ambao katika Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho: kitabu, mwalimu, wanafunzi. Neno barabara ni maarufu kwa sababu linaikiuka kanuni hiyo. Mkazo ukikaa mahali pake pa kawaida, ni njia ya magari. Ukirudi nyuma silabi moja, ni sawasawa, ipasavyo. Jozi ya namna hii ni adimu katika Kiswahili. Katika lugha za toni, jozi hizo hujaza kamusi.

Na lugha hizo ni nyingi. Mwanaisimu Ian Maddieson alipochambua lugha 527 kwa ajili ya atlasi ya miundo ya lugha za dunia, alikuta 220 zina toni. Nyingi zimo Afrika, na wasemaji wake ni majirani wa Waswahili, wake zao, waume zao na wazazi wao.

Ngoma za Walokele

Mfano ulio wazi kuliko yote uko kwenye kingo za Mto Kongo, karibu na Kisangani, mji ambao Kiswahili ni moja ya lugha zake za kila siku. Hapo wanaishi Walokele, wavuvi na wachuuzi wa mtoni. Mmisionari Mwingereza John Carrington alifika Kongo mwaka 1938, akafanya kazi Yakusu, na mwaka 1949 akachapisha kitabu kuhusu ngoma zinazosema. Alichokieleza kinafaa kusomwa na kila anayeanza kujifunza lugha ya toni.

Katika lugha ya Walokele, neno lisaka likiwa na silabi zote chini ni dimbwi la maji. Silabi ya mwisho ikipanda, ni ahadi. Mbili za mwisho zikipanda, ni sumu. Iko pia sentensi alambaka boili, ambayo kwa toni fulani inamhusu mtu aliyeutazama ukingo wa mto, na kwa toni nyingine mtu huyohuyo amemchemsha mama mkwe wake.

Ngoma yenyewe ni gogo lililochimbwa ndani kupitia mwanya mwembamba. Mdomo mmoja wa mwanya hutoa sauti ya juu, mwingine sauti ya chini. Ngoma haina k wala s, haina a wala o. Ina toni tu, na bado ujumbe hufika kijiji cha mbali. Mpigaji anajua kwamba toni peke yake hazitoshi. Songe ni mwezi, koko ni kuku, sango ni baba, na yote matatu yana mapigo mawili ya juu. Kwa hiyo hapigi neno peke yake. Mwezi huongezewa kwamba ndio unaoitazama ardhi kutoka juu, kuku huongezewa kwamba ndiye mdogo anayelia kiokio, na msikilizaji anaitambua kauli nzima kwa mwendo wake.

Mwanafunzi apate mambo mawili hapo. La kwanza, toni ina uhai wake nje ya konsonanti na irabu, hivyo inaweza kufanyiwa mazoezi peke yake. La pili, toni hujifunzwa vizuri zaidi ndani ya kauli kuliko kwenye neno lililotengwa. Ushauri mwingi unaofuata umejengwa juu ya mawili haya.

Mifano mingine iko karibu zaidi. Anayependa muziki wa Kongo ameshasikia Kilingala tangu utotoni: moto, silabi zote chini, ni mtu, motó, silabi ya mwisho ikiwa juu, ni kichwa. Kokoma bila toni juu ni kuandika, na kokóma ni kufika. Katika Kinyarwanda na Kirundi, toni juu kwenye kitenzi inaweza kutofautisha "watu wanafanya kazi" na "watu wanaofanya kazi". Pale Kiswahili kinapoweka kirejeshi, majirani hao wanapandisha sauti. Kimaasai kinakwenda mbali zaidi: umbo la toni la nomino ndilo linaloonyesha nani ametenda na nani ametendwa. Hata katika jamaa wa Kiswahili wenyewe, Chimwiini cha Barawa nchini Somalia hutofautisha "ulikula" na "alikula" kwa mahali sauti inapopanda.

Lugha nyingi za Kibantu zina toni. Kiswahili ni mojawapo ya chache zilizoipoteza, pamoja na Kinyakyusa na Kitumbuka cha Malawi. Kwa sababu hiyo msomaji aliyekulia kwenye nyumba ya Kisukuma, Kihaya, Kikuyu au Kinyarwanda anaingia darasa la Kichina akiwa na mtaji. Autumie. Achague maneno mawili ya nyumbani yanayoandikwa sawa na kutamkwa tofauti, ayaimbe mdomo ukiwa umefumbwa, na asikilize kinachobaki. Hicho kinachobaki ndicho toni, na ndicho atakachokitafuta katika kila neno jipya.

Asitarajie tu kwamba mfumo wa nyumbani utahamia China kama ulivyo. Toni za Kibantu aghalabu ni ngazi mbili, juu na chini, na zina tabia ya kusafiri. Katika Kizigula toni juu inaweza kuanzia kwenye kiambishi cha mwanzo wa kitenzi ikasikika silabi ya pili kutoka mwisho, na katika Kikuyu husikika silabi moja mbele ya pale ilipotoka. Toni ya Kichina hukaa kwenye silabi yake, lakini ndani ya silabi hiyo moja inaweza kupanda au kushuka. Mhaya atahitaji mazoezi kama Mzaramo, ingawa ya aina nyingine.

Hapa ni mahali pa kusema neno kwa wazazi wa mjini. Mtoto anayekulia Dar es Salaam au Nairobi akijifunza lugha ya babu yake kwa orodha ya maneno ataipata bila toni, kwa sababu maandishi ya kawaida ya Kikuyu, Kinyarwanda na Kirundi hayaweki alama za toni. Kitabu hakiwezi kumwonyesha kisichoandikwa. Anahitaji mazungumzo ya watu wazima wanaosema kwa kasi yao ya kawaida, simu ndefu na bibi, likizo kijijini. Mzazi anayeona aibu kusema lugha yake mbele ya mtoto anamnyima sehemu ambayo shule haitaweza kuifidia baadaye.

Toni nne kwa sikio la Mswahili

Mwaka 1930 mwanaisimu Yuen Ren Chao alipendekeza kupima toni kwa ngazi tano, 1 ikiwa chini kabisa ya sauti ya msemaji na 5 ikiwa juu kabisa. Kwa kipimo hicho toni ya kwanza ya Kichina ni 55, ya pili 35, ya tatu 214 na ya nne 51. Walimu wa Kichina wanakitumia kipimo hicho mpaka leo.

Ngazi hizo hazina urefu wa kudumu. Mtoto na babu wanaweza kuimba wimbo wa taifa pamoja, mmoja kwa sauti nyembamba na mwingine kwa sauti nzito, na kila msikilizaji akautambua ni wimbo mmoja. Toni nazo hupimwa kwa sauti ya msemaji mwenyewe. Mwanamume mwenye sauti nzito hana haja ya kubana koo ili afike toni ya kwanza. Atafute juu yake na chini yake.

Toni ya kwanza hushikwa juu bila kutikisika, kama "aaa" anayoombwa mgonjwa daktari anapomwangalia koo. Ya pili hupanda, kama "ee?" ya mtu aliyeitwa na hakusikia vizuri. Ya nne huporomoka, kama "la!" ya mzazi aliyekwisha kukataa. Ya tatu ndiyo inayowasumbua wengi, na itarudiwa hapa chini. Silabi moja inatosha kuonyesha uzito wa jambo: tāng ni supu, táng ni sukari, tǎng ni kujinyoosha kitandani, tàng ni kuunguza kwa moto. Kiko pia kisilabi chepesi kisicho na toni yake, kama silabi ya pili ya māma.

Ushauri wa kwanza, na mwandishi anaupa uzito kuliko wote: neno lisiingie kichwani bila toni yake. Wengi hujifunza maneno mia tatu kwanza, wakisema toni watazirekebisha baadaye. Baadaye hiyo ni ngumu. Neno lililozoeleka bila toni linakuwa na umbo lake, na kulivunja ni kazi kubwa kuliko kulijifunza upya. Kwenye daftari mwanafunzi aandike alama juu ya irabu kila mara, hata anapoandika haraka, na akisahau alama ahesabu kwamba amelisahau neno lenyewe. Pinyin, tahajia ya Kilatini iliyopitishwa China mwaka 1958, ina alama hizo kwa makusudi. Vitabu vya misemo vinavyozifuta ili kumrahisishia msafiri vinampotosha.

Ushauri wa pili ni kuacha kumwiga mwalimu wa siku ya kwanza kwenye toni ya tatu. Darasani huonyeshwa ikishuka na kupanda tena, 214, na mwanafunzi huchukua muda mrefu akipinda sauti. Katika mazungumzo, umbo hilo kamili husikika zaidi neno likiwa peke yake au mwisho wa kauli. Mahali pengine toni ya tatu ni chini tu, sauti ikikaa kifuani na mara nyingine kukwaruza kidogo. Anayeitamka chini na kuiacha hapo ataeleweka upesi zaidi kuliko anayehangaika kuipandisha.

Toni mbili za tatu zikifuatana, ya kwanza hugeuka kuwa ya pili. Salamu nǐ hǎo, ijapokuwa imeandikwa na alama mbili za tatu, hutamkwa ní hǎo. Vilevile neno la kukanusha, bù, hugeuka kuwa bú mbele ya toni ya nne. Vitabu huyaorodhesha haya kama kanuni za kuhifadhi, lakini mfanyabiashara anaweza kuyafanya msaada. Akisema "nanunua", wǒ mǎi, neno la "mimi" linapanda kwa sababu mǎi inalifuata. Akisema "nauza", wǒ mài, "mimi" inabaki chini. Akikataa kununua atasema bù mǎi. Akikataa kuuza, bú mài. Jirani wa neno naye anabeba habari. Ndiyo maana afadhali kujifunza kauli hizi nne, nanunua, nauza, sinunui, siuzi, kila moja kwa wimbo wake mzima, kuliko kurudia mai, mai, mai mbele ya kioo. Wapigaji ngoma wa Yakusu wangekubali.

Makosa ya nyumbani

Kuna makosa ambayo Mwingereza hufanya na kuna ambayo Mswahili hufanya, na vitabu vingi vya kufundishia viliandikwa kwa kumfikiria wa kwanza. Ya Mswahili yanatoka kwenye mambo mawili yaliyotajwa mwanzoni, mkazo na kiimbo.

Mkazo kwanza. Maneno mengi ya Kichina cha leo yana silabi mbili, na ulimi wa Kiswahili ukikutana na silabi mbili huinua ya kwanza na kuiacha ya pili ianguke. Matokeo yake ni kwamba kila neno linapata wimbo wa baba, dada, kaka. Mwalimu ni lǎoshī: silabi ya kwanza chini, ya pili juu na thabiti. Mswahili akiilegeza ya pili, anaangukia lǎoshi, neno jingine lenye maana ya mtu mwaminifu asiye na makuu. Mwalimu hatachukia, lakini mwanafunzi hajamwita.

Dawa yake ni kupanga maneno kwa jozi za toni. Toni nne zikiungana na nne nyingine, pamoja na kisilabi chepesi, zinatoa mifumo 20, na kwa kuwa ya tatu mbele ya ya tatu hugeuka kuwa ya pili, sikio linabaki na 19. Kila mfumo upewe neno moja la kuuwakilisha, lile ambalo mwanafunzi hawezi kulisahau. Fēizhōu, Afrika, iwakilishe ya kwanza mara mbili. Zhōngguó, China, iwakilishe ya kwanza na ya pili. Běijīng iwakilishe ya tatu na ya kwanza, na hapo hapo lǎoshī inapata mwenzake; zàijiàn, kwaheri, iwakilishe ya nne mara mbili. Neno jipya likija, liwekwe chini ya kiongozi wake. Mwanafunzi akisahau toni za neno, akumbuke lilikaa na nani.

Kiimbo ndicho kinacholeta hasara sokoni. Mswahili akiuliza hupandisha sauti mwishoni, na hufanya hivyo bila kufikiri. Sasa aulize muuzaji kama kitu kinauzwa, aseme mài kwa sauti ya kuuliza: toni ya nne imegeuka kuwa ya pili, na mái ni kuzika. Kichina kina kineno cha kuulizia, ma, kinachokaa mwisho wa sentensi na kufanya kazi inayofanana na ya "je". Mwanafunzi akiache kineno hicho kiulize, na maneno yaliyotangulia yabaki na toni zake. Nǐ mài ma? Mài ishuke kwa nguvu zote, kana kwamba hakuna swali. Mwanzoni itaonekana kama ukali; kwa Mchina ni kauli ya kawaida. Hali hiyohiyo iko kwenye kushangaa, kubembeleza na kupunguziwa bei, maana Mswahili anayeomba punguzo huvuta na kuinua sauti mwishoni, na toni zote zinakwenda na maji.

Lipo pia jambo la ukubwa wa hatua. Wanaoanza huogopa kuonekana wanaimba, hivyo toni ya kwanza haifiki juu na ya tatu haifiki chini. Zote zinabanana katikati na kufanana. Katika miezi ya mwanzo ni heri kuzidisha. Mkono usaidie: uchore hewani mstari ulionyooka kwa ya kwanza, upande kwa ya pili, ukae chini kwa ya tatu, ukate kwenda chini kwa ya nne. Watoto darasani hawaoni aibu kufanya hivyo, na watu wazima wasione.

Sikio kabla ya ulimi

Mwaka 1999 Yue Wang na wenzake walichapisha utafiti uliowafundisha Wamarekani kusikia toni za Kichina. Wanafunzi hao walifanya vipindi vinane katika wiki mbili, wakisikiliza maneno yaliyosemwa na watu mbalimbali na kuchagua toni waliyoisikia. Uwezo wao wa kuzitambua toni uliongezeka kwa asilimia 21, nao ulikuwapo bado miezi sita baadaye. Utafiti uliofuata mwaka 2003 ukaonyesha kwamba hata utamkaji wao ulikuwa umeboreka, ilhali walichofanyia mazoezi ni kusikiliza.

Siri iko kwenye watu mbalimbali. Anayemsikiliza mwalimu mmoja anaizoea sauti ya mwalimu huyo. Toni ya pili kwake inakuwa namna yule mama anavyosema. Akisikia wanaume, wanawake, wazee na vijana wakilisema neno lilelile, sikio linalazimika kuacha uzito wa sauti na kushika mwendo wake. Kwa hiyo atafute rekodi za watu wengi tofauti, dakika kumi na tano kila siku, ajipime kwa kuandika namba ya toni kabla ya kutazama jibu.

Nyimbo zinapendeza, na zinafundisha maneno, lakini kwa toni za Kichina sanifu si mwalimu wa kutegemea: katika nyimbo za kisasa, muziki ndio unaoamua sauti ipande wapi. Kikantoni kiko tofauti, maana watunzi wake hulinganisha muziki na toni za maneno.

Kwenye kutamka, simu ya kawaida inatosha. Arekodi sauti ya mzawa, kisha yake, azisikilize zikifuatana. Anayetaka kuona kwa macho ana Praat, programu ya bure ya kompyuta iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, inayochora mstari wa sauti inavyopanda na kushuka. Wengi hushtuka wakiona mstari wa toni yao ya kwanza ukiinama mwishoni. Ni ule mkazo wa Kiswahili, umejitokeza kwenye skrini.

Wapo watakaosema muktadha unatosha. Ni kweli kwamba mtu akisimama mgahawani na kuomba tāng kwa toni ya sukari, huenda akaletewa supu. Muktadha unasaidia sentensi ndefu kati ya watu wanaojuana. Hausaidii sana jina la mtu, jina la mahali, wala bei. China ina mikoa miwili jirani, Shānxī na Shǎnxī, ambayo kwa pinyin ya kawaida isiyo na alama ingeandikwa sawa. Ikabidi wa pili uandikwe Shaanxi, kwa a mbili. Mwanafunzi wa ufadhili anayekwenda Xi'an anakwenda Shǎnxī, na aliyepangiwa Taiyuan anakwenda Shānxī. Kwenye dirisha la tiketi tofauti hiyo ni safari nzima.

Kuhusu bei, nne ni sì na kumi ni shí. Katika sehemu nyingi za kusini mwa China, sh hutamkwa kama s, na hapo kinachobaki kutenganisha nne na kumi ni kushuka na kupanda kwa sauti. Masoko yanayotembelewa sana na Waafrika Mashariki, Guangzhou na Yiwu, yako kusini. Aliyefika juzi asikubali bei kwa mdomo peke yake. Kikokotoo kiwe mezani mpaka sikio likomae. Na akikuta jengo linaruka ghorofa ya 4, ajue ni toni hizohizo: sì ni nne, sǐ ni kufa, na wengi hawataki kukaribisha neno hilo nyumbani.

Anayeelekea Lagos au Ibadan kujifunza Kiyoruba atakuta ngazi tatu, juu, kati na chini. Ọkọ ni mume, ọkọ́ ni jembe, ọkọ̀ ni gari au chombo cha majini. Ushauri wa daftari lenye alama, sauti za watu wengi na kauli nzima unamfaa vilevile, na ana nafuu ya kukuta maandishi yenye alama za toni katika vitabu vya kufundishia.

Limebaki suala la kusahihishwa. Wachina wengi humsifu mgeni anayesema maneno mawili ya Kichina, na sifa hiyo haimfundishi. Inabidi aombe asahihishwe, tena kwa swali ambalo mwulizwaji hawezi kulijibu kwa sifa. Aanze na qǐng wèn, naomba kuuliza, akihakikisha wèn imeshuka, maana wěn ni busu. Kisha aonyeshe neno au alitamke na kuuliza: dì jǐ shēng? Yaani, ni toni ya ngapi? Waliosoma shule za China wamefundishwa toni hizo kwa namba tangu darasa la kwanza, kwa hiyo jibu huja mara moja: yī shēng, èr shēng, sān shēng au sì shēng. Akilipata, aliandike juu ya irabu papo hapo, alirudie neno mbele ya mwulizwaji, na asiondoke kabla hajaitikiwa.